Nani Alikulazimisha

11 Februari

Baba Kidoti,

Salamu. Natumaini hujambo na karakana inakwenda. Mimi sijambo, ila kifua kinanisumbua tangu Krismasi.

Nimekupigia simu mara nyingi, inaita mpaka inakata. Ile siku moja uliyopokea ulisema una chuma motoni, ukakata. Basi nimeamua kuandika. Barua hutaikata katikati.

Kuna bahasha itakufikia kutoka mahakama ya kanisa, ile ofisi ya jimbo iliyo nyuma ya nyumba ya askofu. Nimepeleka ombi kwamba ndoa yetu ichunguzwe. Serikali ilishatutenganisha na kila mtu ana karatasi zake. Hili ni jambo lingine. Kanisa halitoi talaka, na mimi sikuomba talaka. Nimeomba waangalie kama siku ile mbele ya altare ndoa ilifungwa kweli, au tulionekana tu kama watu wanaofunga ndoa.

Utaitwa kuhojiwa. Usipokwenda watakuandikia tena, na usipojibu wataendelea bila wewe. Naomba uende.

Najua swali lako la kwanza, kwa hiyo nalijibu kabla hujaliuliza: hakuna mwanamume. Naishi chumba kile kile cha walimu nyuma ya shule ya viziwi, na jirani yangu ni mwalimu mwenzangu ambaye friji yake inakoroma kuliko mume yeyote.

Swali lako la pili ni Kidoti. Kidoti ni mtoto halali wa baba na mama yake na atabaki hivyo, hukumu ikienda huku au kule. Nilimuuliza padri hilo kabla sijakaa kwenye kiti cha kuhojiwa.

Sikufanya hivi kukuaibisha. Ukiweza, niamini.

Mama Kidoti


2 Machi

Mama Kidoti,

Bahasha imefika. Imeletwa karakanani na katekista mbele ya vijana wangu wote, nami mikono imejaa grisi, nikamwambia anifungulie anisomee. Laiti ningeisoma mwenyewe chooni.

Maana kilichoandikwa ni kwamba uliolewa kwa "kulazimishwa na hofu kubwa". Katekista akainua macho akaniangalia. Vijana wakaniangalia. Mimi! Nimekulazimisha lini? Nimekushika mkono lini kwa nguvu? Miaka yote tuliyoishi pamoja sikukuinulia hata sauti, labda siku ile ulipouza meza yangu ya chuma kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na hapo nani asingepiga kelele?

Wewe ndiye uliyeondoka. Ulisema umepata kazi kwenye shule ya mbali, ukafunga sanduku, Kidoti akiwa na miaka kumi. Nilikubali. Watu waliniuliza mkeo yuko wapi, nikawaambia anafundisha. Mpaka leo nasema anafundisha. Pete sijaivua, naivua tu nikishika mashine. Sasa unataka waniambie kwamba nilikuwa nimevaa nini kidoleni? Nati?

Nitakwenda, usiwe na wasiwasi. Na nitasema yote. Nitawaambia kwamba padri alituuliza mbele ya kanisa zima kama tumekuja kwa hiari yetu bila kushurutishwa, nawe ulisema ndiyo. Nilisikia kwa masikio yangu haya. Nitawaambia jinsi marehemu baba yako alivyonipokea. Kijana asiye na mbele wala nyuma, nimempa binti yake mimba akiwa chuo cha ualimu, baba mwingine angenitafuta na panga. Yeye alinikalisha chini akaniita mwanangu. Mashine yangu ya kwanza ya kuchomelea ni yeye aliyeniletea, na picha yake iko hapa ukutani, juu ya mitungi ya gesi. Kila asubuhi namsalimia.

Nitawaambia hata kile kichekesho chake, ili wajue arusi ile ilikuwa ya furaha. Unakikumbuka. Ulichelewa kufika kanisani, natetemeka kwenye ngazi kama kuku aliyenyeshewa, Mzee akanipiga bega: "Tulia kijana, atakuja. Nimemwambia asipokuja, leo hii yeye na mama yake wakatafute pa kulala." Akacheka, na mimi nikacheka mpaka miguu ikapata nguvu. Nimekisimulia kwenye arusi ngapi sijui, na hakuna aliyewahi kubaki bila kucheka.

Watu waliolazimishana hawachekeshani hivyo.

Mumeo, wapende wasipende,
Baba Kidoti


14 Machi

Baba Kidoti,

Si wewe. Laiti ningekuwepo pale karakanani nikuambie kabla katekista hajamaliza sentensi. Hujanilazimisha. Nimewaambia hivyo, na kama wameandika nilichosema, basi mtu wa kwanza kukutetea kwenye jalada lile ni mimi.

Utaniuliza basi ni nani. Siwezi kukujibu. Padri mwamuzi alinionya nisikufundishe la kusema, wala nisimfundishe shahidi yeyote, kila mtu aje na alichokiona mwenyewe. Na hata asingenionya, sijui kama ningeweza kukwambia. Kuna mambo nimekuficha kwa muda mrefu kwa kukuonea huruma. Huruma hiyo yenyewe imekuwa kama ukuta kati yetu, na nadhani ndiyo iliyoniondoa nyumbani kwako kuliko kazi ya shule.

Niache nikueleze chumba chao, usije ukakiogopa. Ni chumba kidogo chenye kabati la chuma na dirisha linalotazama bomba la maji. Padri mwamuzi ni mtu mzima, anavua miwani akisikiliza. Karani ni mama mmoja anayeandika kwa mashine. Walifunga mlango. Padri akasema, "Mwalimu, siku ile ulitaka kuolewa?" Kisha akavua miwani. Karani naye akaondoa vidole kwenye mashine.

Unasema padri alituuliza mbele ya kanisa zima. Ni kweli, aliuliza. Lakini niliulizwa watu mia wakiwa nyuma yangu, na wengine benchi la mbele. Kuulizwa peke yangu, mlango umefungwa, na mtu aliye tayari kusikia jibu lolote, ilikuwa ni mara ya kwanza maishani mwangu. Karani aliniletea maji, nikanywa glasi nzima, ndipo nikajibu.

Juu ya kile kichekesho sitasema neno. Ukiwasimulia, wasimulie kama kilivyo.

Mama Kidoti


30 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Chuo tumefunga kwa wiki mbili, niko kwa baba. Nakuandikia kwa sababu ninyi wawili mnaandikiana barua kama watu wa zamani, nami sitaki kupitwa.

Baba amekuwa kama mtu mwenye mtihani. Anajisemesha akioga. Jana nimemkuta mbele ya kioo na shati jipya, anasema, "Mheshimiwa padri, mimi nasema hivi," halafu anasahau alichotaka kusema. Nilicheka, kisha nikaona hachekeshi.

Aliniambia mwenyewe kila kitu, na mambo mengine nilishayasikia karakanani. Mama, mimi nasomea upimaji wa ardhi, nimezoea kitu kiwe na mipaka inayoonekana. Sasa naambiwa kwamba ndoa niliyozaliwa ndani yake huenda haikuwepo. Mimi nilikuwa ndani ya nini?

Nimehesabu pia, kila mtoto anaweza kuhesabu. Arusi yenu na siku niliyozaliwa vimekaribiana sana. Kama ulilazimishwa, ulilazimishwa kwa sababu yangu. Hilo ndilo nataka unijibu, na usinijibu kimwalimu. Ni mimi niliyewafunga?

Baba hajui kama nimekuandikia. Anakula vizuri, ila anaacha nusu.

Kidoti wenu


6 Aprili

Kidoti mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma wakati wa mapumziko, watoto wakanizunguka. Unajua huwezi kuwaficha kitu. Wale wanasoma uso. Mwalimu akiwaambia kwa mikono kwamba hajambo na uso unasema vingine, wanaamini uso, mikono wanaiacha iendelee na porojo zake. Basi mmoja wao, kasichana ka darasa la pili, kakanifuta shavu kwa sketi yake. Ndivyo nilivyokujibu kwa mara ya kwanza. Sasa najibu kwa kalamu.

Hukumfunga mtu. Ulikuwa mdogo kuliko punje ya harage. Niligundua uko tumboni nikiwa bwenini, na nisikilize vizuri hapa: nilifurahi. Niliogopa, ndiyo, lakini nilifurahi. Nilitaka kukuzaa, kumaliza chuo, na kumjua baba yako polepole, maana nilikuwa nimemjua kwa msimu mmoja tu. Pengine ningemkubali mwakani. Pengine nisingemkubali. Nilitaka hiyo "pengine" iwe yangu. Watu wazima waliokuwepo ndio walioamua vinginevyo. Wewe ulikuwa kisingizio chao, hukuwa sababu.

Unauliza ulikuwa ndani ya nini. Ulikuwa ndani ya nyumba yenye baba aliyekutengenezea kitanda cha chuma chenye maua kwenye kichwa chake, na mama aliyekufundisha kusoma juu ya kitanda hicho. Hakuna hukumu itakayofika kwenye kitanda hicho. Kwa kanisa wewe ni mtoto halali, na padri alinieleza hivyo mara mbili kwa kuwa niliuliza mara mbili.

Mwangalie baba yako. Asipomaliza chakula, kaa naye, usimlazimishe.

Mama


28 Aprili

Mama Kidoti,

Nimetoka kwa shangazi yako.

Nilimfuata nikiwa na nia yangu, sikufichi. Nilisikia ameitwa kuwa shahidi, nikasema huyu ni dada wa Mzee, hawezi kukubali jina la kaka yake lichezewe, twende tukapange safu pamoja. Nilimkuta kibarazani anachambua mchele. Akanipisha kwenye mkeka.

Nikamwambia, "Shangazi, wamekuita?"

"Wameniita, mkwe wangu. Na nimeshakwenda. Nimeapa na nimesema."

"Umewaambia kwamba ile ndoa ilikuwa halali?"

Akaacha kuchambua. "Nimewaambia nilichokiona. Wewe ulikuwa huonyeshwi, baba. Wewe ulikuwa unaonyeshwa chai na vitafunio sebuleni."

Nikamwuliza ana maana gani. Akaniangalia kama anayepima kama nitaweza kubeba. Kisha akaniambia. Kwamba Mzee alikuja kukutoa chuoni mwenyewe. Kwamba ulimwambia utazaa lakini hutaolewa bado. Kwamba hakukupiga, hakuwa mtu wa kupiga. Alitoa nguo za mama yako kabatini akaziweka uani kwenye kirago, akasema binti akikataa, mama na binti watoke pamoja, maana aliyemlea ndiye aliyemharibu. Kwamba kirago kile kilikaa uani mpaka siku ya arusi, mvua ikakinyeshea, na mama yako akapita pembeni yake kila siku akienda kuteka maji asikiguse.

Nikasema, "Shangazi, Mzee alikuwa ananiita mwanangu."

"Alikupenda kweli," akasema. "Alikupenda wewe na alimpenda binti yake pia, hilo nalo nimewaambia. Lakini aliogopa watu watasema nini. Mtu mwenye hofu anaweza kumtisha mwenzake kuliko mtu mbaya."

"Asubuhi ile ulikuwa naye?"

"Nilimvalisha mimi. Alikaa kwenye kitanda na gauni lake, hataki kuinuka. Kaka yangu akaja mlangoni, hakuingia, akasema maneno machache akaondoka. Mtoto akainuka."

"Alisema maneno gani?"

Mama Kidoti, alikuwa hajamaliza kuyataja, mimi nikawa nimeshayajua. Nilimtangulia. Tulisema pamoja, yeye na mimi, neno kwa neno, wakatafute pa kulala. Shangazi akashtuka, akaniuliza nimejuaje, alikuwa peke yake na wewe chumbani.

Niliondoka bila kuaga, viatu nimevaa kinyume.

Nimekisimulia kile kitu kwenye arusi za watu. Nimekisimulia na wewe umekaa mezani. Sasa naona sura yako. Ulikuwa unanyanyuka kila mara kwenda jikoni kuangalia kitu. Nilidhani wewe ni mwenyeji mzuri.

Picha ya Mzee sijaiondoa. Sijui niifanye nini. Leo asubuhi sikumsalimia.

Usinijibu kama ni kweli. Najua ni kweli.

Baba Kidoti


9 Mei

Baba Kidoti,

Pole. Nimeandika neno hilo nikafuta, nikaliandika tena, kwa sababu sina jingine.

Nilikuwa na mambo mawili ya kuogopa. Moja, kwamba hutajua. La pili, kwamba utajua, na ukishajua utaangalia nyuma na kuona kwamba nilikudanganya kila siku. Sikukudanganya kila siku. Ulipotengeneza lile lango la shule lenye ndege wawili nikasema ni zuri, lilikuwa zuri. Nilipolia kwenye msiba wa mama yako, nilimlilia. Kidoti alipopata homa ya uti wa mgongo tukakaa hospitalini, nilikushika mkono kwa sababu nilitaka kuushika. Mambo hayo yalitokea, na mahakama haiulizi juu yake. Inauliza asubuhi moja tu.

Sikuanza kesi hii ili nimkomeshe baba yangu. Yuko ardhini na mimi namwombea. Mama yangu alipokuwa anaumwa kwa mara ya mwisho aliniambia, "Mwanangu, uliniokolea nyumba na sikuwahi kukushukuru, nisamehe." Nikaona kwamba hata yeye alibeba. Nikasema mimi angalau nitakwenda mahali niseme kwa sauti, kabla na mimi sijaanza kuomba msamaha kitandani.

Usiende kwa ajili yangu. Nenda useme ulichosikia kwa masikio yako, hata kama ni kunipinga.

Mama Kidoti


20 Juni

Mama Kidoti,

Nimekwenda. Shati jipya niliacha nyumbani, nimevaa la kazi lililofuliwa.

Chumba ni kama ulivyosema. Ila siku yangu walikuwa watatu: padri mwamuzi, karani, na padri mmoja kijana ambaye kazi yake inaitwa mtetezi wa kifungo cha ndoa. Nilifurahi kumwona, nikasema huyu yuko upande wangu. Na kweli alikuwa upande wangu kuliko mimi mwenyewe. Akaniuliza: mlikuwa mnaandikiana barua za mapenzi kabla ya ndoa? Mlicheza muziki siku ile? Mliishi pamoja kwa amani? Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akaandika kwa furaha.

Padri mwamuzi akataka kunieleza kwa mfano wa kazi yangu. Akasema, "Fundi, wewe unajua, kuna chuma kinachoonekana kimeshikana nje, kumbe ndani hakikuungana." Nikamwambia, "Padri, nisamehe, tuache chuma. Chuma hakimwogopi baba yake." Karani akasimamisha mashine, akatazama dirishani kidogo, kisha akaandika.

Halafu padri mwamuzi akauliza kama nina jambo ambalo sikuulizwa. Nilikuwa na mlango wazi hapo, Mama Kidoti. Ningesema sina. Mtetezi alishafunga kalamu yake. Ndoa yangu ilikuwa pale mezani, nzima, dhidi yake kuna maneno ya shangazi peke yake, mwanamke mzee mwenye shahidi mwenzake kaburini.

Nikasema, "Ninacho kichekesho."

Nikakisimulia. Ngazi, kutetemeka, Mzee kunipiga bega, maneno yake. Sikujua kwamba kinaweza kusimuliwa bila mtu kucheka. Nilipofika kwenye "pa kulala" nilirudia polepole, kwa sababu karani alihitaji kusikia vizuri.

Padri kijana akaniuliza taratibu, "Fundi, unaelewa ulichosema kinasaidia upande gani?" Kazi yake ni kutetea kifungo na alitaka awe na hakika. Nikamwambia, "Naelewa."

"Na bado unataka kiandikwe?"

"Nilikisikia. Kiandikwe."

Nimetia sahihi. Nje nilikaa kwenye benchi karibu na bomba la maji mpaka mlinzi akaniuliza kama ninamsubiri mtu.

Pete nimeivua. Sikuivua kwa hasira. Nimeivua kama ninavyofanya nikishika mashine, ila sikuirudisha.

Baba Kidoti


17 Novemba

Kwa pande zote mbili,

Baada ya kuwasikiliza ninyi wawili na mashahidi, na baada ya mtetezi wa kifungo cha ndoa kutoa hoja zake zote, mahakama hii imeridhika kuwa imethibitika kwamba ndoa hiyo ni batili, kwa sababu mwanamke aliikubali kwa hofu kubwa aliyotiwa na mtu mwingine, mwanamume akiwa hana habari.

Kila upande, pamoja na mtetezi wa kifungo, una haki ya kukata rufaa katika muda uliopangwa. Muda huo ukipita pasipo rufaa, ninyi nyote wawili mtakuwa huru kufunga ndoa kanisani.

Uhalali wa mtoto wenu haubadiliki kwa hukumu hii, wala wajibu wenu kwake.

Mahakama inawashukuru kwa ukweli wenu.

Padri Mwamuzi
Karani wa Mahakama


23 Januari

Mwalimu,

Nimeanza na neno hilo kwa sababu sijui tena nikuite nani. Kidoti anasema niendelee na Mama Kidoti, hilo halikubatilishwa na mtu.

Muda wa rufaa umepita. Sikukata, wala yule padri kijana hakukata. Nilikutana naye sokoni akaniambia alipeleka hoja zake zote kama kazi inavyomtaka, na kwamba anaiombea familia yetu. Nikamwuliza ni familia gani. Akasema, "Ile mliyo nayo."

Picha ya Mzee nimemrudishia shangazi. Alisema atamweka chumbani kwake, yeye ni dada, anaweza kumpenda na kumkasirikia kwa wakati mmoja bila kuchoka.

Nimefikiri jambo moja miezi hii yote. Nilipokutaka, sikukuuliza wewe. Nilimwendea baba yako, na nikapewa jibu, na nilifurahi hivi kwamba sikuona kuwa jibu halikutoka kwako. Sasa wewe huru, mimi huru. Nyumba yangu ina bomba ndani siku hizi, na nimeacha kuvuta sigara. Nakupenda, na si kwa mazoea. Nakuuliza mwenyewe, na sijamwambia mtu mwingine, hata Kidoti: utanikubali uwe mke wangu?

Usijibu haraka. Na hapa kwangu hakuna atakayetolewa nguo uani, ujibu lolote.

Fundi


12 Februari

Fundi,

Nimekaa na barua yako siku nyingi, na si kwa sababu nilikuwa sijui jibu. Nilitaka tu kuwa na swali kwa muda, nilibebe mfukoni nikiingia darasani na kutoka. Sikujua kwamba lina uzito mtamu hivyo.

Jibu ni hapana.

Sikuchukii na sina mwingine. Siku moja moja nakukumbuka, hasa nikisikia mtu anacheka kwa kelele. Lakini nikijiuliza kama nataka kuwa mke wako, hapana. Nataka chumba hiki, na watoto wangu wasiosikia, na Jumapili kwenda misa ya asubuhi nikiwa sina ninachokificha. Nimejaribu kutafuta namna ya kulisema lisiumize, sikuipata. Basi nimeliandika lilivyo.

Asante kwa kuniuliza. Nalisema hilo kwa moyo wangu wote.

Mwalimu


20 Februari

Mwalimu,

Barua imefika. Safari hii niliifungua mwenyewe, nikaisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Imeniuma, nisikudanganye. Vijana niliwaruhusu waende nyumbani mapema, wakadhani nina mgeni.

Lakini jioni nilimaliza chakula chote. Na nikagundua kwamba kilichokuwa kinanikosesha usingizi tangu Januari hakikuwa hofu ya kuambiwa hapana. Niliogopa utasema ndiyo kwa kunihurumia, nami nisingekuwa na njia ya kujua.

Fundi